Kumfundisha kijana wa mstari wa mbele kufyatuka

Kama mwanao ana mwili na mnaishi Marekani, jiandae: akienda mazoezi ya mpira wa Kimarekani, huenda akapangwa mstari wa mbele. Wazazi wetu wengi hununa, maana kwetu mchezaji ni yule anayefunga. Msinune. Wale watano wa mbele wakizembea, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, atalazwa kabla hajaurusha mpira.

Mimi ni msaidizi tu wa kocha wa watoto hapa Ohio. Kufyatuka ni kuchomoka mara tu mpira unapoanza kuchezwa. Msimu wangu wa kwanza nilishinda nikipiga kelele, "Haraka! Haraka!" Mtoto akisikia hivyo husimama wima kabla ya kupiga hatua, na aliyesimama wima husukumwa hata na mwepesi kuliko yeye.

Anza na mkao. Miguu iachane kwa upana wa mabega, mmoja urudi nyuma kidogo, mgongo unyooke, mkono mmoja uguse nyasi. Mama yangu kule Tanga alipotumiwa video aliuliza, "Hao wote wamepoteza sindano?" Tazama vidole: kucha zikiwa nyeupe, uzito wote umehamia mkononi. Mwambie ainue ule mkono. Akienda kifudifudi, hajakaa sawa. (Kwa wadogo kabisa uliza kwanza, ligi ya watoto ya Pop Warner iliondoa mkao wa mkono chini kwa madaraja yake ya chini mwaka 2019.)

Hatua ya kwanza iwe fupi, kama sentimeta 15. Watoto hupenda kuruka hatua ndefu, na mpinzani huwakuta mguu mmoja ukiwa hewani. Mguu wa pili utue upesi, magoti yakiwa yamekunjwa bado, ndipo mikono ipande kutoka chini hadi kifuani mwa mpinzani, vidole gumba vikitazama juu. Macho mbele. Kichwa kisitangulie kamwe. Hilo silijadili na mzazi yeyote.

Wa timu yenye mpira hufyatuka kwa sikio, kwa kuwa anaijua hesabu ya kwotabeki wake, yaani sauti inayosema mpira uanze lini. Wa timu isiyo na mpira afyatuke kwa jicho: asubiri mpira usogee, asifuate sauti, kwani ile sauti mara nyingi ni mtego. Zoezi langu ni la mpira wa tenisi. Nauachia kutoka usawa wa bega, mtoto akiwa ameinama mita tatu hivi kutoka kwangu, audake kabla haujadunda mara ya pili. Mara sita au nane, kisha apumzike. Miguu iliyochoka hujifunza uzito.

Nyumbani neno letu ni "Fyatuka!" Siku ya mechi silitamki. Nililipaza mara moja nikiwa pembeni, mwanangu akachomoka peke yake kabla ya mpira, timu ikarudishwa yadi 5.