Kuvua samaki bila kuvua jaketi

Jaketi langu la kwanza la kujiokolea majini lilikuwa lile la abiria wa boti, vipande vinene vya rangi ya machungwa kifuani na mgongoni. Nikikaa kwenye kayaki, chombo chembamba cha kupiga kafi, kipande cha nyuma kiligongana na egemeo la kiti kikanisukuma mbele, na kila nilipovuta kafi makwapa yalichubuka. Nikalivua, nikalifunga nyuma ya kiti. Siku samaki aina ya kolekole aliponivuta ubavuni, kayaki ikapinduka karibu na mlango wa mkono wa bahari, hapa Kilifi. Jaketi lilikuwa chini ya maji pamoja na kiti, mimi ninahangaika juu. Wavuvi wa mtumbwi ndio walionitoa. Kwa hiyo somo hili linahusu raha ya mwili, maana jaketi linalokera litavuliwa tu.

Hatua ya 1: Soma lebo ya ndani. Tafuta namba ya ISO 12402, yaani kiwango cha kimataifa cha majaketi haya, na nguvu ya kuelea kwa nyutoni. Nyutoni 10 ni kama uzito wa kilo moja. Mwili wenyewe karibu unaelea, ndiyo maana watu wazima wengi huhitaji nyongeza ya kilo 3 hadi 5 na nusu tu kichwa kikae juu. Jaketi la nyutoni 50 linamfaa anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu, lakini halikuundwa kumgeuza aliyezirai. Kuanzia 100 jaketi huundwa limlaze chali, uso juu. La 150 ni la bahari kuu.

Hatua ya 2: Lijaribu ukiwa umekaa. Hapa ndipo wengi hukosea. Dukani tunasimama mbele ya kioo, tunageuka, tunalipa. Baharini tunakaa saa tano au sita. Omba kiti, au nenda na kiti cha kayaki yako. Mimi hubeba changu na sioni haya. Jaketi la mvuvi wa kayaki huwa na povu la mgongoni lililopandishwa juu, usawa wa mabega, na chini yake wavu mwepesi. Egemeo la kiti linakaa penye wavu. Ukikaa na jaketi likapanda hadi masikioni, au ukahisi kuna mto nyuma yako, lirudishe hata kama ni la bei nafuu.

Bado umekaa, piga kafi hewani mara hamsini. Kisha rusha mshipi, kulia na kushoto. Kwapa likisuguliwa dukani, baharini kwenye chumvi litakuwa kidonda.

Hatua ya 3: Kaza, kisha mtu alivute. Pima mzingo wa kifua, kwani saizi za watu wazima hufuata kifua. Legeza mikanda yote, vaa, kaza ya kiunoni kwanza kisha ukipanda juu, mabega mwisho. Mwenzako alivute kwa nguvu kutoka mabegani. Likipita kidevu, ni kubwa.

Hatua ya 4: Mifuko. Mbele weka firimbi, koleo na kisu kifupi cha kukatia mshipi ukikuzonga. Usijaze; utahitaji kulala kifudifudi ukijivuta kurudi kwenye kayaki, na mifuko iliyotuna hunasa ubavuni. Rangi iwe ya machungwa au njano. Wakati wa kusi, mawimbi yakinyanyuka, kichwa cha mtu aliyevaa buluu hakionekani.

Hatua ya 5: Ingia nalo maji ya kifua, ujipindue makusudi, urudi kwenye kayaki. Fanya hivyo kabla ya safari ya kwanza.

Maswali ya wanachama

*Kaka, joto la Mombasa unalijua. Kwa nini nisinunue yale membamba yanayojazwa gesi?*

Ni mepesi kweli, lakini kwako nahofia ndoana. Tundu moja kwenye mfuko wa hewa na huna jaketi. Ukiamua hilo, chukua la kuvuta kamba kwa mkono. Linalojifungua lenyewe likilowa laweza kufumuka kwa wimbi tu. Kagua mtungi wa gesi kila mara. Mimi nimebaki na povu, nalichovya majini jua likizidi.

*Nimepata la bei ya kutupa sokoni, halina lebo. Nitajuaje?*

Lifungie chubwi za risasi, vile vizito vya mshipi, zenye jumla ya kilo 5, ulitie kwenye pipa la maji usiku kucha. Asubuhi likiwa limezama, usilivae. Januari 2016 polisi wa Izmir, Uturuki, walikamata majaketi feki zaidi ya 1,000 yaliyojazwa vifaa vya kufungashia bidhaa badala ya povu linaloelea. Hata yale ya zamani ya sufi, mfuko wa ndani ukitoboka sufi hunyonya maji. Na likielea bado hujui nguvu yake kamili, kwa hiyo usitoke nalo nje ya mwamba.

*Mimi ni mwanamke, kila jaketi linanibana kifuani na kunipanda shingoni.*

Pole dada. Tafuta lililokatwa kwa umbo la kike, povu la mbele likiwa limegawanywa vipande vyenye mikunjo. Usikubali kuuziwa la kiume kubwa zaidi; kifua kitapata nafasi lakini mabega yatalegea.

*Shikamoo mwalimu. Nataka kumpeleka mwanangu wa miaka minane, nimnunulie kubwa kidogo alikulie?*

Marahaba. Hapana, mama. La mtoto huchaguliwa kwa uzito wake wa leo, na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Sare ya shule unaweza kumnunulia kubwa ukakunja pindo. Jaketi kubwa litampanda usoni, naye atateleza atoke kwa chini.