Umefutiwa deni la kadi Marekani? Usiiache Fomu 982

Mkopeshaji akikufutia deni la kadi ya mkopo nchini Marekani, sheria ya kodi huhesabu kiasi kilichofutwa kuwa kipato chako. Fomu 982 ndiyo unayotumia kudai kwamba kiasi hicho, au sehemu yake, kisitozwe kodi ikiwa ulikuwa mufilisi. Mimi sikuyajua hayo. Nilidaiwa dola 9,400, tukakubaliana nilipe 3,000, na 6,400 zilizobaki zikafutwa. Fomu ya 1099-C, ambayo mkopeshaji huitoa kuonyesha deni alilofuta, ilipofika nikadhani ni risiti ya kwamba tumemalizana, nikaitia kwenye droo. Baadaye ikaja barua ya CP2000 kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ikinitaka nilipe kodi ya zile 6,400 pamoja na riba.

Kwa hiyo anza na hiyo 1099-C. Kisanduku cha 1 kina tarehe ya kufutwa, cha 2 kiasi, cha 3 riba iliyojumuishwa humo. Linganisha na barua ya makubaliano yenu, na ukiona kosa mwandikie mkopeshaji mara moja akutumie fomu iliyosahihishwa. Mkopeshaji hutakiwa kuitoa deni lililofutwa likifika dola 600. Chini ya hapo huenda usipate fomu, lakini kwa kawaida kiasi hicho bado ni kipato. Na benki ikikuambia imeliondoa deni kwenye hesabu zake kama hasara, hapo haijakusamehe. Bado unaweza kudaiwa.

Hatua iliyonila muda ni kuthibitisha kwamba ulikuwa mufilisi, yaani madeni yako yote yalizidi mali yako yote muda mfupi kabla deni halijafutwa. Hesabu ni ya tarehe ya kisanduku cha 1. Salio la leo halina kazi, na la mwisho wa mwaka pia. Nilikaa wiki kadhaa nikisaka taarifa za benki na za mkopo wa gari za mwezi ule mmoja. IRS ina jedwali la hesabu hii kwenye chapisho lake namba 4681. Lifuate mstari kwa mstari.

Upande wa madeni wangu ulikuwa hivi: hizo 6,400 zenyewe (ndiyo, nazo huhesabiwa), mkopo wa gari 7,100, hospitali 1,900. Jumla 15,400. Upande wa mali: gari 5,200 kwa bei ya soko, vyombo na fanicha 1,500, benki 700. Hapo nilifurahi mapema, kwa sababu nilisahau akiba ya kustaafu, dola 4,100. Huhesabiwa, hata kama hujaigusa. Mali ikawa 11,500, na ufilisi wangu 3,900. Kiasi hicho ndicho kikomo cha nafuu, yaani sehemu ya deni lililofutwa isiyotozwa kodi. Dola 2,500 zilizobaki nilizilipia kodi.

Kwenye Fomu 982, weka alama kisanduku cha 1b, kisha andika kiasi unachoondoa kwenye mstari wa 2. Aliyefutiwa deni kupitia kesi ya kufilisika mahakamani anaweka alama 1a na hahitaji hesabu hii. Usiiruke Sehemu ya II: nafuu hii inaweza kukupunguzia faida nyingine za kodi, kwa mfano hasara ulizobeba kutoka miaka ya nyuma, kwa hiyo soma maelekezo yake kabla ya kuiacha tupu. Ambatanisha fomu na 1040 yako, yaani ritani ya kodi ya mwaka. Kiasi kisichopata nafuu kinaandikwa kwenye Schedule 1, kiambatisho cha 1040, mstari wa 8c.

Kama ulishawasilisha ritani bila haya, tumia 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani. Kwa kawaida una miaka mitatu tangu ulipowasilisha kudai ulichozidisha kulipa. Kama CP2000 imeshafika, tulia. Barua hiyo ni pendekezo, na una haki ya kulipinga. Weka alama kwamba hukubaliani, ambatanisha Fomu 982 na jedwali lako la hesabu, utume kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Taarifa za benki za mwezi ule baki nazo wewe, pamoja na nakala ya kila ulichotuma.