Ng'ombe kazaa juzi, we unamlisha kama yule aliyekauka?

Unakuta mtu ana ng'ombe watatu, mmoja kazaa wiki iliyopita, mwingine anakaribia kukaushwa (kuacha kukamuliwa), wa tatu keshakauka anasubiri kuzaa, na wote asubuhi wanapimiwa kopo lilelile la pumba. Hapo kuna anayeshinda njaa na kuna anayenenepa bure.

Miezi 3 ya kwanza baada ya kuzaa ndo penyewe. Maziwa yanafika kileleni kama wiki ya 6 hadi ya 8 ila hamu ya kula inachelewa, inakuja kufika juu wiki ya 10 huko, kwa hiyo hapo katikati anakula mafuta ya mwili wake mwenyewe, ndo maana mbavu zinaanza kuonekana. Majani bora kuliko yote uliyonayo ni ya huyu. Konsentreti (chakula cha ziada chenye nguvu, kama pumba na mashudu) muongezee nusu kilo kila baada ya siku 2 au 3 huku unapima maziwa, yakipanda endelea, yakigoma rudi kipimo cha nyuma. Usimwage zote kwa mpigo, tumbo litachachuka, kila mlo usizidi kilo 2 au 3 na awe ameshakula majani kwanza.

Hesabu ya kuanzia: majani mazuri yanabeba kama lita 7 za maziwa kwa siku, juu ya hapo kilo 1 ya konsentreti kwa kila lita 2. Wa lita 15 basi apate kilo 4.

Maziwa yakianza kushuka nawe punguza taratibu, ila usimkate ghafla maana ana mimba na anarudisha mwili.

Miezi 2 kabla ya kuzaa mkaushe, majani ya kawaida yanatosha, akinenepa sana atazaa kwa shida. Wiki 2 au 3 za mwisho mrudishie konsentreti kidogokidogo tumbo lizoee. Na hapa wengi wanakosea, wanammiminia madini yenye kalsiamu nyingi wakidhani wanamsaidia, kumbe mwili unasahau kuichota kwenye mifupa, akizaa tu anaanguka na homa ya maziwa, yaani kalsiamu ya damu inashuka ghafla. Hata lusina (majani ya jamii ya kunde yenye kalsiamu nyingi) mpunguzie, akishazaa ndo umpe kwa wingi.

Mtamba wa mimba ya kwanza muongezee kidogo, bado anakua.

Halafu maji jamani, lita 4 hadi 5 kwa kila lita ya maziwa, na chombo kisikauke hata usiku.