Pampu ya Insulini Inapokataa Kutuma Data kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Wengi wetu hukumbuka kuhamisha data ya pampu siku mbili kabla ya kwenda kliniki, na ni wakati huo huo ambapo kompyuta hudai kwamba haioni kifaa chochote. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jioni ya namna hiyo. Unamhusu mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, au mzazi wa mtoto mwenye hali hiyo, ambaye pampu yake inafanya kazi vizuri mwilini lakini taarifa zilizomo haziifikii kompyuta, na kwa hiyo haziwezi kugeuka kuwa chati ambazo daktari anataka kuziona.

Kabla ya kugusa kebo yoyote, tenganisha mambo mawili ambayo hofu huyachanganya: kushindwa kutuma data si kushindwa kutoa insulini. Pampu hutunza kumbukumbu zake ndani na kuendelea kusukuma insulini, kompyuta iwepo au isiwepo. Kwa sababu hiyo, usiondoe betri, usirudishe pampu katika hali ya kiwandani, wala usibadilishe viwango vya insulini kwa matumaini kwamba kompyuta itaitambua. Pampu hutumia insulini ya haraka peke yake, na mwenye pampu hana akiba ya insulini ya muda mrefu mwilini. Akikosa insulini kwa saa chache tu anaweza kuanza kuelekea kwenye ketoasidosisi, yaani hali ya hatari ambapo damu hujaa asidi kwa kukosa insulini. Hakuna chati inayostahili hatari hiyo. Ikiwa viwango vya insulini ya msingi, uwiano wa wanga na kiwango cha kusahihisha sukari havijaandikwa popote nje ya pampu, viandike leo kwenye daftari kabla ya kuendelea na lingine lolote.

Hatua ya pili ni kujua data yako hupita njia gani, kwa maana pampu hazifanani na ushauri unaofaa kwa moja unaweza kuwa hauna maana kwa nyingine. Tandem t:slim X2 ina tundu la micro-USB ubavuni, na tundu hilo hilo hutumika kuchaji betri na kutoa data. Pampu za MiniMed 630G, 640G na 670G hazina tundu la kebo. Huzungumza kwa mawimbi ya redio na kipima sukari cha Contour Next Link 2.4, nacho ndicho kinachochomekwa kwenye kompyuta. Zile za zamani za Paradigm hupitia kifaa kidogo kiitwacho CareLink USB, ilhali 770G na 780G hutumia adapta ya buluu yenye Bluetooth au programu ya simu. Kwa Omnipod za awali data husomwa kutoka kwenye kidhibiti cha mkononi, si kutoka kwenye kidude kilichobandikwa mwilini. Wenye Omnipod 5 hawana kebo ya kuhangaikia, kwa sababu kidhibiti hutuma taarifa chenyewe kupitia intaneti. Kwao tatizo huwa ni mtandao au akaunti, na wanaweza kuruka sehemu inayofuata.

Kebo na tundu

Kebo ndiyo ninayoishuku kwanza, na sijuti. Ndani ya kebo ya kawaida ya USB 2.0 mna nyaya nne: mbili hupitisha umeme na mbili hupitisha data. Kebo nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya kuchajia simu zina zile mbili za umeme peke yake. Ukichomeka pampu kwa kebo kama hiyo, alama ya kuchaji itatokea kwenye skrini, utaridhika kwamba muunganisho upo, kisha utaanza kuilaumu kompyuta ambayo haina kosa. Mimi nilipoteza jioni mbili kwa njia hiyo, nikafuta na kusakinisha programu mara tatu, mpaka nilipoichukua kebo ile ile na kuiunganisha na simu: simu ilichaji vizuri, lakini kompyuta haikuonyesha picha hata moja. Jaribio hilo huchukua dakika moja. Kebo isiyoweza kutoa mafaili ya simu haitaweza kutoa data ya pampu. Ukiwa bado unayo kebo iliyokuja na pampu kwenye boksi, itumie hiyo, na uiweke mahali ambapo watoto hawataikopa.

Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyaji chenye matundu mengi, kwa kuwa vigawanyaji visivyo na umeme wake huwa dhaifu. Jaribu pia tundu jingine. Kwa wanaotumia kipima sukari cha Contour Next Link 2.4, tundu lina umuhimu wa ziada ambao haujulikani sana: vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio katika masafa ya 2.4 GHz, jambo ambalo kampuni ya Intel ililieleza katika waraka wake wa mwaka 2012, na masafa hayo ndiyo ambayo pampu na kipima sukari hutumia kuwasiliana. Ikiwa usomaji unaanza kisha unakatika katikati, ondoa diski ya nje iliyo jirani, hamia kwenye tundu la USB 2.0, ambalo mara nyingi huwa jeusi ndani badala ya buluu, au tumia kebo ya kurefusha ili kipima sukari kikae mbali kidogo na kompyuta na karibu na pampu. Hakikisha pia kwamba betri ya kipima sukari haijaisha kabisa. Iliyokauka huhitaji kuchajiwa kwanza kabla kifaa hakijaamka na kufanya kazi.

Wenye pampu za Paradigm wanahitaji tahadhari ya peke yake. Kabla ya kusoma pampu hizo, dozi ya chakula inayoendelea lazima iwe imekamilika, kiwango cha muda cha insulini ya msingi kiwe kimefutwa au kimekwisha, na tahadhari zote kwenye skrini ziwe zimefutwa, kwani pampu husimamisha utoaji wa insulini wakati inaposomwa. Usiondoke chumbani, na baada ya kumaliza angalia kwa macho yako kwamba imerudi kutoa insulini kama kawaida. Vilevile, Juni 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba baadhi ya pampu za MiniMed 508 na Paradigm zinaweza kuingiliwa na mtu aliye karibu kupitia mawasiliano ya redio ya pampu hizo. Kati ya mashauri yaliyotolewa wakati huo ni kuondoa CareLink USB kwenye kompyuta kila inapokuwa haitumiki, na ni ushauri rahisi kuufuata.

Kompyuta yenyewe

Ikiwa kebo ni nzima na tundu ni sahihi, geukia programu. Maelekezo mengi ya zamani bado yanamwambia msomaji afungue kivinjari cha Internet Explorer na kuruhusu kiongezi cha Java. Yapuuze. Chrome iliacha kuunga mkono viongezi vya aina hiyo mwaka 2015, Firefox ikafuata mwaka 2017, na Internet Explorer 11 yenyewe ilistaafishwa Juni 2022. Siku hizi karibu kila mtengenezaji hutoa programu ndogo ya kupakia data inayosakinishwa kwenye kompyuta, na ipo pia Tidepool Uploader, programu ya bure ya shirika lisilo la faida la Marekani, ambayo husoma pampu na vipima sukari vya kampuni mbalimbali. Nina sababu ya kuitaja: ikiwa programu ya mtengenezaji inashindwa lakini Tidepool inasoma, unajua papo hapo kwamba pampu na kebo hazina kasoro. Ila usizifungue zote mbili kwa wakati mmoja, kwani kifaa hushikwa na programu moja, na ya pili itakuambia kwamba haikioni.

Kwenye Windows, bofya kitufe cha kuanzia kwa upande wa kulia wa kipanya, fungua Device Manager, kisha chomeka na uchomoe pampu huku ukiangalia orodha. Orodha isipotikisika hata kidogo, rudi kwenye kebo. Ikitikisika lakini ikaonyesha kifaa chenye pembetatu ya njano, kompyuta imekiona kifaa ila haina kiendeshi chake, yaani programu ndogo inayoiwezesha kukitumia. Sakinisha upya programu ya kupakia data pampu ikiwa imechomolewa, washa kompyuta upya, ndipo uchomeke. Kompyuta ya kazini huweza kukataa usakinishaji kwa sababu huna mamlaka ya msimamizi, na hapo hakuna ujanja isipokuwa kuomba ruhusa au kutumia kompyuta nyingine. Kwenye kompyuta za mkononi za Apple zenye chipu za kampuni hiyo, kuanzia macOS Ventura, mfumo huuliza kama unaruhusu kifaa kipya cha USB kuunganishwa. Ukibonyeza kukataa kwa haraka, pampu itachaji tu na kunyamaza. Ruhusa hiyo hurekebishwa kwenye mipangilio ya faragha na usalama.

Mtandao nao usisahaulike. Data ya pampu haibaki kwenye kompyuta yako bali hupelekwa kwenye seva, na anayetumia bando la simu anaweza kuona usomaji ukifika mwisho kisha upakiaji ukagoma. Faili lenyewe si zito. Kinachohitajika ni mtandao usiokatika kwa dakika chache.

Upande wa akaunti, makosa ni machache lakini hayaonekani kwa urahisi. Pampu iliyowahi kutumiwa na mtu mwingine inaweza kuwa bado imefungwa kwenye akaunti yake kupitia namba ya utambulisho iliyochapwa nyuma, na mfumo ukakataa kuisajili kwako. Nchi uliyochagua wakati wa kujisajili pia ina uzito: CareLink, huduma ya kupokea data ya pampu za MiniMed, ina mfumo wa Marekani na mwingine tofauti wa nchi nyingine, na aliyehama au aliyeletewa pampu na ndugu kutoka ng'ambo anaweza kuwa anagonga mlango usio wake. Mzazi naye ahakikishe ameingia kwenye akaunti ya mtoto, si ya kwake.

Data imefika, lakini saa si zenyewe

Hapa ndipo ninapoomba msomaji apunguze mwendo, kwa sababu kosa hili halileti ujumbe wowote wa hitilafu. Upakiaji unakamilika, chati zinatokea, na kila kitu kimekaa mahali pasipo pake. Pampu huandika kila tukio kwa saa yake yenyewe, na saa hiyo huhesabu kuanzia usiku wa manane. Sisi tunaohesabu kuanzia macheo tumo katika hatari ya pekee: aliyeambiwa ni saa moja asubuhi akaweka 1:00 badala ya 7:00 ameirudisha pampu nyuma kwa saa sita. Dozi ya chai ya asubuhi itaonekana kwenye chati ikiwa imetolewa usiku, na daktari atauliza mgonjwa anakula nini wakati huo. Anayechanganya AM na PM hukosea kwa saa kumi na mbili kamili.

Ubaya wake hauishii kwenye chati. Insulini ya msingi hufuata saa hiyo hiyo, kwa hiyo kiwango kikubwa kilichopangwa kwa saa kumi alfajiri, ambapo sukari ya wengi hupanda, kitatolewa saa nne asubuhi, na mgonjwa anaweza kushuka sukari kabla ya chakula cha mchana bila kujua sababu. Ukigundua saa imekosewa kwa kiasi hicho, mpigie muuguzi au daktari wako kabla ya kuirekebisha, ukimweleza imekosewa kwa saa ngapi na kwa muda gani, kisha mrekebishe pamoja.

Wanaosafiri wana kisa chao. Kati ya Dar es Salaam na Minneapolis kuna tofauti ya saa tisa wakati wa baridi na saa nane wakati wa kiangazi, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao na Afrika Mashariki haisogezi. Tidepool huuliza ukanda wa saa kabla ya kupakia. Chagua ule ambao pampu inaufuata sasa, si ule wa kompyuta. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni kutafuta kwenye chati mlo mmoja unaoukumbuka vizuri, kwa mfano chakula cha jana usiku, na kuona kama dozi yake imesimama mahali pake.

Ukikuta siku za mwanzo hazipo kabisa, huenda zimekwisha kufutika. t:slim X2 hutunza historia ya hadi siku 90, na taarifa mpya huandikwa juu ya zile kuukuu. Anayepakia mara moja kwa mwezi hapotezi kitu. Kwa kliniki, wiki mbili za karibuni zenye data kamili ya kihisi cha glukosi kwa kawaida hutosha kukadiria muda ambao sukari imekaa kati ya 3.9 na 10.0 mmol/L, ambao kwa watu wazima wengi hulengwa uzidi asilimia 70. Chati ikionyesha namba kama 140 au 200, haijaharibika. Imewekwa katika mg/dL, na ukigawanya kwa 18 utapata mmol/L unazozifahamu.

Ikiwa yote haya hayakusaidia, piga simu kwa huduma ya wateja ya mtengenezaji ukiwa na mambo manne mkononi: jina kamili na namba ya pampu, toleo la Windows au macOS, toleo la programu ya kupakia data, na maneno halisi ya hitilafu yaliyopigwa picha kwenye skrini. Nenosiri lako hawalihitaji. Na kama miadi ni kesho asubuhi, beba pampu pamoja na kebo yake, kwani kliniki nyingi zinazohudumia wenye pampu zina njia yao ya kuzisoma, kisha fungua menyu ya historia usiku huu na unakili kwenye daftari jumla ya insulini ya kila siku na wastani wa sukari kwa siku 14 zilizopita. Kazi hiyo huchukua kama robo saa.