Somo: Kuwatambua ndege wa matopeni maji yanapojaa

Kuanzia Agosti kila mwaka, ndege wa maji kutoka Siberia, Asia ya Kati na nchi za Ghuba hushuka kwenye pwani ya Afrika Mashariki na kukaa hadi Aprili. Wengi wetu huwapita bila kuwatazama, kwa sababu kwa mbali wote ni vitwitwi wa rangi ya tope. Nimeandika somo hili kwa anayetaka kuanza kuwatofautisha. Nimelipanga kwa hatua, lakini ya kwanza ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Hatua ya 1: Fuata maji, usifuate jua

Anayetazama ndege wa msituni huamka alfajiri. Ukifanya hivyo pwani unaweza kufika ukakuta tope tupu. Ndege hawa hula maji yakipwa, iwe mchana au usiku, na hupumzika maji yakijaa. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, wametawanyika mbali sana na darubini yako haitakusaidia. Yakiwa yamejaa kabisa, wameshaondoka kwenda kusimama mahali pakavu, mara nyingi mahali usipoweza kufika. Wakati wako ni zile saa mbili kabla ya maji kujaa. Tope linazidi kupungua, ndege wanasogezwa kidogo kidogo kuelekea ulipo, nao bado wanakula.

Sasa chagua siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, na kwenye pwani yetu tofauti kati ya maji kupwa na kujaa siku hizo hupita mita 3. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, siku za maji mafu, yanajaa karibu na saa nne. Maji mafu hayafiki juu, sehemu kubwa ya tope hubaki wazi, na ndege hawana sababu ya kusogea.

Kwa anayeanza, nasema bila kusita: nenda alasiri ya bamvua, ufike saa nane. Ipo faida nyingine watu hawaifikirii. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo alasiri jua liko mgongoni kwako na rangi za ndege zinaonekana zilivyo. Asubuhi unatazama baharini jua likiwa usoni, na kila ndege anageuka kivuli cheusi. Ndani ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, maji huchelewa kuliko ufukwe wa wazi, kwa hiyo muulize mvuvi wa pale pale. Jibu lake litakufaa kuliko jedwali la bandarini.

Hatua ya 2: Kaa

Tafuta ukingo wa mikoko, upe mgongo miti, kaa chini. Usiwafuate ndege, maji yatawaleta. Nguo isiwe nyeupe. Namna ya kujua kama umekaribia mno ni kutazama vichwa: ndege wakiacha kula na kuinua shingo wote kwa pamoja, rudi nyuma hapo hapo, usisubiri waruke.

Hatua ya 3: Jifunze ndege mmoja, awe kipimo chako

Kitabu cha ndege kitakuambia urefu kwa sentimita, lakini kwenye tope lililo wazi jicho halina cha kulinganishia. Anza na sululu. Yuko karibu kila mahali palipo na mikoko na kaa, ni mkubwa, mdomo wake mrefu umepinda kuelekea chini, na ana mistari ya kahawia iliyokolea kichwani. Akiruka hupiga filimbi fupi fupi za haraka, kama saba hivi, zote za sauti moja. Watu wa pwani wengi wameisikia maisha yao yote. Ukimwona anayefanana naye lakini ni mkubwa zaidi, mdomo mrefu kupita kiasi na kichwa hakina mistari, huyo ni jamaa yake, kwa jina la kisayansi Numenius arquata.

Ukishamjua sululu, kila ndege mwingine mwulize swali moja kwanza: ni mkubwa kuliko sululu, nusu yake, au robo yake? Utakuwa umeshaondoa majina mengi kabla hata ya kutazama rangi.

Hatua ya 4: Mdomo na mwendo

Hapa ndipo penye utamu wote, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Rangi za ndege hawa kuanzia Oktoba hadi Machi ni kijivu na kahawia tu. Mdomo na mwendo havibadiliki mwaka mzima.

Wako wenye macho makubwa na mdomo mfupi. Hao huwinda kwa kuona: wanakimbia hatua chache, wanasimama kimya, wanadonoa, wanakimbia tena. Ukiona mwendo huo wa kukimbia na kusimama, umeshajua ukoo.

Wako wenye mdomo mrefu zaidi wanaotafuta kwa kugusa. Calidris ferruginea, anayezaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, ana mdomo mwembamba uliopinda kidogo nchani, naye huuchovya topeni mfululizo kama sindano ya cherehani, kichwa chini, akitembea taratibu ndani ya maji ya kifundoni. Mdogo wao, Calidris minuta, hudonoa juu juu kwa haraka. Calidris alba, mweupe kuliko wote, hutamwona sana kwenye tope. Yeye ni wa ufukwe wa mchanga, hukimbia mbele ya wimbi linapokuja na kulifuata linaporudi.

Xenus cinereus ndiye ninayempenda kuliko vitwitwi wote. Mdomo wake umepinda kuelekea juu, miguu ni mifupi ya rangi ya chungwa, na hukimbia ameinamia mbele, akigeuka ghafla kulia na kushoto nyuma ya kaa wadogo. Maji yakijaa hupanda kwenye mizizi na matawi ya mikoko. Kwa hiyo usiishie kutazama mchanga, kagua na miti.

Halafu yupo Dromas ardeola, mla kaa, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya buluu-kijivu, mdomo mweusi mnene ambao hakuna ndege mwingine wa matopeni anao. Hana jamaa wa karibu. Peke yake ni ukoo mzima. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba na pwani ya Omani, na hafanyi kiota juu ya ardhi. Huchimba shimo mchangani, hutaga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulitamia. Akija kwetu huja na mwanawe. Mtazame kwa makini ndege mzima anayetembea na mwenzake wa kijivu-kahawia nyuma yake. Mzazi anasimama, anainama, anakimbia hatua tatu nne, anaibuka na kaa mdomoni. Mtoto ameshafika, shingo chini, analia bila kukoma hadi apewe. Karibu ndege wote wa matopeni duniani huacha watoto wao wajitegemee mapema sana. Huyu anaendelea kumlisha wake hata baada ya kuvuka bahari.

Hatua ya 5: Wanaporuka

Usishushe darubini wakiruka. Pluvialis squatarola, mnene wa kijivu, akinyanyua mabawa anaonyesha doa jeusi kwapani, na hapo shaka imekwisha. Tringa nebularia ana kabari nyeupe inayopanda mgongoni, na hulia mara tatu kwa sauti kali. Actitis hypoleucos, yule anayetikisa mkia bila kupumzika, huruka chini chini juu ya maji kwa mapigo mafupi na mabawa magumu.

Hatua ya 6: Andika

Tarehe, mahali, saa, hali ya maji, idadi. Kundi kubwa usilihesabu mmoja mmoja: hesabu kumi, ona kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha upime kundi zima kwa nafasi hiyo. Ukienda usipate kitu, andika pia. Kumbukumbu zako zitume eBird, tovuti inayokusanya kumbukumbu za ndege duniani, au Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, kama uko Kenya. Kila Januari ndege wa maji huhesabiwa katika nchi nyingi duniani, kazi iliyoanza mwaka 1967, na wahesabu wa kujitolea wa pwani hawatoshi kamwe. Jiunge nao.

Kuhusu mahali pa kwenda: hori la Mida, karibu na Watamu, Kenya, ndipo rahisi kuanzia, pana njia ya mbao inayopita juu ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia. Mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, ni mzuri kwa makundi makubwa. Delta ya Tana iliingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mwaka 2012, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa huko Tanzania mwaka 2004; huko kunahitaji mashua na mwenyeji anayejua mikondo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninunue darubini ya namna gani? Naona zimeandikwa 8x42, 10x50, nyingine hata 20.

Jibu: Marahaba. Namba ya kwanza ni kukuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Chukua 8x42. Darubini ya kukuza mara 20 ukiishika kwa mkono utaona mtetemo tu, na pwani kuna upepo. Kama utapata baadaye darubini kubwa ya kusimamisha kwa miguu mitatu, ndipo ukuzaji mkubwa utakufaa. Ukirudi nyumbani futa chumvi kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo ya bahari kabla ya kusugua lenzi.

Swali: Juni nilikuta kundi la sululu na vitwitwi bado wako hapa. Ni wagonjwa walioshindwa kusafiri?

Jibu: La, wengi wao ni vijana wa mwaka wa kwanza. Hawajafikia umri wa kuzaliana, hivyo hawana haja ya safari ile ndefu. Waandike, kumbukumbu za Juni na Julai ni chache. Miezi hiyo pia usikose Sabaki, kwa sababu Glareola ocularis, anayezaliana Madagaska, huja pwani yetu kati ya Aprili na Septemba. Ana mabawa marefu kama mbayuwayu na huwinda wadudu hewani kwa makundi.

Swali: Mwalimu, kuna yangeyange mweusi hapa kwetu Pemba. Ni aina nyingine au ni yule yule?

Jibu: Ni Egretta dimorpha, na ana sura mbili: wako weupe na wako wa kijivu kilichokolea karibu na weusi, na wote huzaliana pamoja. Hapo mwambani utawaona wamesimama ubavu kwa ubavu. Kwenye daftari andika weupe wangapi na weusi wangapi.

Swali: Watoto wetu hupenda kuwakimbiza ndege waruke, na hata wageni hufanya hivyo wapate picha. Kuna ubaya gani, si wanatua tena?

Jibu: Wanatua, lakini wamelipia. Maji yakiwa yamejaa ndege hana pa kula; anaishi kwa alichokula saa chache zilizopita. Kila ukimrusha anachoma mafuta aliyoweka. Ubaya unazidi Machi na Aprili, wanaponenepa kwa ajili ya safari ya maelfu ya kilomita. Ndege anayeondoka na akiba pungufu anaweza asifike, au akafika amechoka asiweze kutaga. Wape watoto darubini. Mtoto akishamwona mla kaa akimlisha mwanawe hatataka tena kumfukuza, hili nimeliona kwa wengi. Kwa wapiga picha sina maneno laini: picha ya ndege wanaokimbia kwa hofu isichapishwe wala isisifiwe.

Swali: Nimeona ndege ana vibandiko vya rangi miguuni. Nifanye nini?

Jibu: Usijaribu kumkamata. Andika mguu wa kulia na wa kushoto kwa upande wake yeye, si wako. Rangi moja moja kuanzia juu kwenda chini. Kama iko juu au chini ya kiungo cha mguu. Na herufi au namba kama zinasomeka. Piga picha hata ikiwa mbaya. Kila rangi ina nchi au mradi wake, na A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi lililo pale Watamu, watakusaidia kupeleka taarifa panapostahili.

Swali: Kaka, nilikuta mayai mchangani juu ya mstari wa maji, hakuna kiota. Ya nani?

Jibu: Bila picha siwezi kusema kwa hakika, ila ndege anayetaga hivyo kwenye fukwe zetu ni yule kitwitwi mwenyeji mwenye paji jeupe. Kiota chake ni kishimo kidogo tu. Ukiyaona, ondoka kwa njia uliyojia, usiweke jiwe wala kijiti cha alama karibu, kunguru watakifuata. Kama gari au mbwa hupita hapo, zungumza na wenyeji wa ufukwe huo wazungushe njia kwa muda.

Swali: Wale vitwitwi wa mchanga wawili, mkubwa na mdogo, nashindwa kabisa. Wamechanganyika na wote ni kijivu.

Jibu: Subiri ageuke ubavu. Pima urefu wa mdomo, kisha uulinganishe na umbali kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho. Kwa mkubwa, ambaye jina lake la kisayansi huishia na leschenaultii, mdomo unazidi umbali huo au unalingana nao, na ncha yake imechongoka. Kwa mdogo, ambaye lake huishia na atrifrons, mdomo ni mfupi na butu. Miguu ya mkubwa ni mirefu na kwa kawaida ina ukijani-njano, ya mdogo imekolea zaidi, lakini tope huifunika, hivyo usiitegemee peke yake. Wakiwa mbali au mwanga ukiwa mbaya, andika “kitwitwi wa mchanga, hajatambuliwa” na idadi. Hiyo ni taarifa kamili na wanaohesabu wataipokea.