Kuandika na kuweka msimbo wa hofu ya ugonjwa kwenye faili ya mgonjwa: hatua kwa hatua

Nawaandikia maafisa wa kliniki, wauguzi na wenzangu wa rekodi za afya katika hospitali za Kisumu na kaunti jirani. Nazungumzia mgonjwa ambaye vipimo vyake havionyeshi kitu, lakini hofu kwamba ana ugonjwa mbaya haimtoki. Mara nyingi faili yake hufika dawati la rekodi na maneno mawili tu: "hana ugonjwa." Maneno hayo hayana msimbo, yaani alama ya herufi na namba inayotambulisha ugonjwa kwenye rekodi. Tena si kweli, kwa sababu mtu asiyelala kwa hofu ana shida, na shida hiyo ina jina.

Hatua ya 1: Kusanya madaftari

Wagonjwa wetu wengi hutembea na daftari la shule la kuandikiwa matibabu. Mwenye hofu hii huwa na kadhaa: moja la kliniki ya Kondele, jingine la Nyalenda, na karatasi za maabara ya Ahero zimekunjwa ndani. Mwombe ayalete yote. Nakili kila kipimo, tarehe, mahali na majibu. Kazi hii inachosha, lakini inamwokolea mgonjwa pesa za kurudia kipimo kilekile, na bila hiyo huwezi kuonyesha kwamba hofu inajirudia.

Hatua ya 2: Ugonjwa wenyewe utafutwe kwanza

Saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni) ni tatizo kubwa magharibi mwa Kenya. Malaria na VVU vimeenea sana kandokando ya ziwa. Kwa hiyo anayesema chakula kinamkwama kooni ana sababu ya kuogopa, na anastahili kuchunguzwa ipasavyo. Kanuni ya ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ni kwamba ziara ikiisha bila utambuzi wa hakika, dalili kuu ndiyo inayopewa msimbo: R13 kwa ugumu wa kumeza, R07.4 kwa maumivu ya kifua yasiyojulikana chanzo, R00.2 kwa kuhisi moyo ukidunda. Usikimbilie msimbo wa akili wakati uchunguzi haujaisha.

Hatua ya 3: Iandike hofu yenyewe

Hapa ndipo faili nyingi huharibika. "Mgonjwa ana wasiwasi" haitoshi. Rekodi inahitaji mambo haya: anaogopa ugonjwa gani, tangu lini, anafanya nini kwa sababu ya hofu hiyo, na inamzuia nini maishani. Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: akiambiwa yuko salama, anatulia kwa muda gani? Ambaye hofu yake ni ya kawaida hurudi nyumbani akashika kazi zake. Mwenye hali hii hutulia siku mbili tatu, kisha huanza kutafuta maabara nyingine.

Uliza pia kuhusu kukwepa. Wapo wasiokanyaga hospitali kabisa kwa kuogopa kuambiwa neno "saratani", na hao husahaulika kwa kuwa hawatusumbui.

Huu ni mfano niliotunga. Kazini utauandika kwa Kiingereza kama kawaida:

"Mwanamume, miaka 34, dereva wa bodaboda. Anaogopa saratani ya umio kwa miezi 9, tangu jirani afariki. Hajapungua uzito, anameza vizuri. Uchunguzi wa umio kwa kamera miezi 3 iliyopita: kawaida. Tangu hapo amekwenda kliniki nne. Hujipapasa shingo mara nyingi kwa siku. Akihakikishiwa hutulia kama siku mbili. Ameacha kazi za usiku. Anakubali kwamba huenda hofu imezidi. Hana mawazo ya kujiua."

Hatua ya 4: Tenganisha na hali jirani

Anayehangaikia karo, kazi, watoto na afya kwa pamoja anaelekea F41.1 (wasiwasi wa jumla). Anayeshikwa na hofu ya ghafla inayopanda na kushuka ndani ya dakika chache, afikiriwe F41.0 (mshtuko wa hofu). Sonona ikiwapo, iandikwe pia kwa msimbo wake. Haimezwi na hofu.

Hatua ya 5: Chagua msimbo

Aliyekuja na hofu, akachunguzwa, akaonekana hana kitu, akaridhika: Z71.1. Hofu iliyodumu, isiyosikia majibu ya vipimo na inayovuruga maisha: F45.2 (haipokondria). Kwa DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, muda ni angalau miezi 6, na dalili za mwili ziwe hazipo au ni ndogo.

Ukitafuta mtandaoni utakutana na F45.21. Huo ni wa toleo la Marekani. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani inaishia F45.2.

Kama mfumo wa hospitali yako umehamia ICD-11, toleo jipya lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, msimbo ni 6B23. Humo hali hii imehamishiwa kundi moja na maradhi ya mawazo na matendo ya kujirudia, jambo ninaloliona sahihi ukizingatia kule kujipapasa na kupimwa kusikoisha. Anayetambua kwamba hofu yake huenda imezidi hupewa 6B23.0, asiyetambua au anayetambua kwa shida, 6B23.1. Ndiyo maana ile sentensi ya "anakubali" katika mfano ina uzito: bila hiyo afisa wa rekodi hawezi kuchagua. Usichanganye matoleo mawili katika faili moja.

Hatua ya 6: Rejista

Katika MOH 204B, rejista ya Wizara ya Afya ya wagonjwa wa nje wa miaka 5 na zaidi, jaza utambuzi kama daktari alivyouandika. Aliyepewa Z71.1 asihesabiwe kama mgonjwa wa akili.

Hatua ya 7: Lugha na marekebisho

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mgonjwa haki ya kuona taarifa zake. Maneno kama "msumbufu" au "anajifanya" yasionekane popote. Akija na dalili mpya, ichunguzwe na kupewa msimbo wake, hata kama F45.2 iko kwenye ukurasa wa kwanza. Na utambuzi wa zamani ukionekana si sahihi, usiufute: pitisha mstari mmoja usomeke chini yake, andika uliosahihishwa, weka tarehe na sahihi yako.