Jinsi ya Kuandika Maduka ya Mtaa Uliokulia

Ukitaka kuandika maduka ya mtaa uliokulia, usianze na majina ya maduka. Anza na kutumwa. Mtoto wa mji wa Jinja, Uganda, wa miaka ya 1980 hakuwa na habari na jina lililoandikwa kwenye leseni. Alijua katumwa nini, kafumbata pesa ngapi, na kwamba chenji lazima irudi. Kwa hiyo andika kila kitu ulichowahi kutumwa: chumvi, mafuta ya taa, kipande cha sabuni, wembe, uzi, kiberiti, betri za redio. Orodha ikishajaa, rudi juu na ujiulize kimoja kimoja: nilikinunua kwa nani, mlango wake ulitazama wapi, kilifungwaje?

Hilo swali la mwisho lina mali. Mimi nilikulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani waliotoka kila pembe, na uani kwetu Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Nilipojiuliza sukari ilifungwaje, duka zima lilinirudia. Mwenye duka alichana ukurasa wa gazeti, akauviringisha ukawa kama pembe, akakunja ncha ya chini kwa kidole gumba. Aliushika kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukichota. Mizani ilikuwa ya sahani mbili, na mawe yake ya chuma yalishang'aa kwa kushikwa. Sahani zilipolingana hukuondoka, ulikodolea mkono wake macho: ataongeza kidogo, au ndiyo basi? Watoto tulichagua duka kwa nyongeza, hata kama lilikuwa mbali zaidi. Mambo ya namna hiyo ndiyo ya kuandika, maana hayamo kwenye faili la ofisi yoyote.

Ukikwama kwenye miaka, tumia matukio. Mei 1987 serikali ilibadilisha pesa: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu yake asilimia 30 ikakatwa. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule hajasahau. Usimuulize mzee, "Ilikuwa mwaka gani?" Muulize, "Duka lilikuwepo kabla ya pesa kubadilishwa?" Ukitaka kurudi nyuma zaidi, kuna Museveni kuingia Kampala, Januari 1986, na kuna vita vilivyomtoa Rais Idi Amin, 1979.

Kisha nenda ukautembee mtaa wenyewe. Chagua Jumapili asubuhi, milango mingi ikiwa imefungwa, na utazame juu. Chini kote kumepakwa njano na nyekundu za kampuni za simu, lakini juu ya paa la baraza bado kuna ukuta wa zamani. Pale Main Street ya Jinja majengo mengi yalijengwa na Wahindi kabla ya uhuru, na baadhi yana jina la familia au mwaka wa ujenzi ulioumbwa kwenye lipu. Nakili herufi kwa herufi. Piga picha pia, kwa sababu jengo la namna hiyo likibomolewa, lipu haihamishwi.

Hapa sasa kazi inataka moyo. Mlango mmoja unaweza kuwa umepitia mikono mitatu, na kila mkono una watoto wanaosema "duka letu". Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia, wakiwemo Wahindi hao, siku 90 waondoke. Maduka yakagawiwa wanajeshi na watu wengine, hao walioitwa mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla. Miaka ya 1990 baadhi ya familia zilirudi na kudai majengo yao. Ukiandika jina moja tu, umewafuta wengine. Kwa kila mlango mimi hugawa ukurasa mara tatu: kabla ya 1972, katikati, na baada ya kurudi.

Sehemu ya katikati ndiyo watu huiruka, na mimi nasisitiza usiiruke. Hayo ndiyo maduka tuliyoyajua sisi: rafu ndefu za mbao zilizotengenezewa majora ya vitambaa, juu yake viberiti na chumvi vimepangwa kwa kuachana ili zisionekane tupu. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, ilhali kiwanda cha sukari cha Kakira kiko hapo tu njia ya Iganga, kwa kuwa kilikuwa kimezorota. Wako waliouza kwa magendo, na wako waliokopesha mtaa mzima kwa daftari. Andika wote.

Wazee wafuate kwa adabu. Usiende mikono mitupu: kilo ya sukari au mche wa sabuni unatosha. Salimia mpaka salamu ziishe, kisha uliza kitu cha kushikika: "Hajati, kitambaa cha sare ya shule mlinunua kwa nani? Nani alishona?" Hapo atakutajia kitambaa cha kiwanda cha Nytil kilichofumwa Njeru, ng'ambo ya Nile, na fundi aliyekaa barazani na cherehani yake, na nani alikaa jirani naye. Mafundi na vibarua wa kubeba magunia wasikilize kuliko matajiri, kwani wao walikuwa pale kutwa nzima na waliwaona wote walioingia. Habari ya hati ya jengo usiianzishe wewe. Ina kesi na machungu. Mwenyewe akitaka ataisema.

Omba albamu, na kila picha igeuze. Studio nyingi ziligonga muhuri nyuma, wenye jina na barabara. Picha ya Idd ya dada yangu, kavaa gauni la riboni mbele ya pazia lililochorwa, ndiyo iliyonionyesha studio ilikuwa mlango gani. Ukiandika nyuma ya picha, tumia penseli, na usikandamize.

Mwisho chora mtaa: pande mbili, mlango kwa mlango, na palipo na shaka acha kiboksi kitupu. Wazee wawili wakipingana, weka kauli zote mbili na useme ipi ni ya nani. Kisha rudi kwa kila aliyekusimulia, umsomee kwa sauti sehemu yake, arekebishe, na umwachie nakala. Nakala nyingine mpe anayeuza kwenye mlango huo leo, aibandike karibu na kaunta. Wateja wake watakujazia viboksi.